Nyumba Bila Ardhi

Bibi yangu alikuwa na nyumba Majengo, lakini hakuwa na ardhi. Mgeni wa Mombasa akisikia hivyo hudhani nimekosea kusema. Sikukosea. Kuta zilikuwa zake, mabati yake, mlango wake. Pale chini palikuwa pa mtu mwingine, na kila mwezi nilitumwa nipeleke kodi ya ardhi nirudi na risiti. Risiti zenyewe alizitia kwenye kopo la biskuti juu ya kabati, na ole wako uliguse.

Mambo haya ni ya kale kuliko sheria za kuandikwa. Huku Pwani mtu aliweza kuuza minazi akabaki na shamba, au kujenga kwenye kiwanja cha mwenzake kwa makubaliano, nyumba ikawa yake. Waingereza walipoleta sheria ya hatimiliki mwaka 1908, aliyedai akakubaliwa alipewa cheti; ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa ya serikali yao. Wenye karatasi na wakili wakatoka na viwanja. Wengi wengine wakatoka na mazoea tu.

Kisha miaka ya 1920 bandari ya Kilindini ikapanuliwa, watu wakamiminika kutafuta kibarua, na mwenye kiwanja akapiga hesabu: ya nini ajenge, ilhali anaweza kukodisha mchanga mtupu na mwingine ndiye atafute boriti na udongo?

Nyumba yetu ilikuwa kama zote za Majengo. Baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, uani jiko na choo. Milango yote inafungukia ukumbini, kwa hiyo kupangisha chumba hakukutaka fundi, kulitaka kufuli tu. Bibi alikaa viwili, vinne akapangisha. Vyumba hivyo ndivyo vilivyotusomesha, wallahi, wala si mshahara wa mtu yeyote.

Vibarua walipogoma mwaka 1939, kodi ya chumba ilikuwa miongoni mwa vilio vyao, na baadhi yao wakapewa posho ya nyumba. Januari 1947 wakagoma tena, bandari na reli zikasimama, na hapo ndipo jina la Chege Kibachia likavuma. Shuleni tulifundishwa kuwa hiyo ni siasa. Bibi, aliyekuwa kigori wakati huo, hakumkumbuka Kibachia hata kidogo. Alimkumbuka mjomba wake akilala barazani kwa zamu, maana chumba kimoja walikuwa wanane.

Bibi alipofariki tuliendelea kulipa. Siku moja ajenti akaja na notisi: warithi wa mwenye ardhi wameuza. Miezi mitatu. Nyumba ni yenu, alisema kwa adabu kabisa, kwa hiyo mnaweza kuibomoa mkachukua mabati na mbao zenu. Hebu fikiria wema huo!

Pale Buxton, nyumba za kaunti zilipobomolewa mwaka 2021, wapangaji walilalamika, wakaenda mahakamani, wakalipwa pesa za kuhamia. Sikusema walitosheka. Ila wao walikuwa na jina, wapangaji, na serikali ya kuidai. Sisi tulikuwa nani? Si wapangaji, si wenye ardhi. Nilibeba lile kopo la biskuti hadi kwa wakili, naye akazipitia risiti moja moja, za miaka mingi, akaniuliza swali moja: iko wapi iliyoandikwa kwamba mtakaa mpaka lini? Haikuwapo. Kila mwezi tulikuwa tumenunua mwezi.

Sasa pamesimama ghorofa. Chumba cha bibi kilikuwa Sh2,000. Fleti ya hapo naambiwa Sh15,000, maji mbali. Wapangaji wetu wanne, hakuna hata mmoja aliyebaki kisiwani.

Shangazi amejenga Kisauni. Juzi nilimkuta akimtuma mjukuu wake apeleke kodi ya ardhi. Nikamuuliza cheti cha kiwanja ni cha nani.

“Kunywa chai, mwanangu,” akaniambia, “itapoa.”