SEHEMU YA 5: Hospitali iliyowaka moto katikati ya vita

Leo tunakwenda KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, karibu na mji wa Dundee. Kama familia yako iko huko kikazi au mnapanga safari, hapa ni mahali pa kufika na watoto. Kama huendi leo wala kesho, soma tu, mwishoni kuna jambo la nyumbani kwako.

Panaitwa Rorke's Drift. Jina lilitoka kwa Jim Rorke, mfanyabiashara aliyejenga pale kwenye kivuko cha mto mwaka 1849. Wazulu walipaita KwaJimu. Hebu lisome kwa sauti: kwa Jimu! Na mto wenyewe ni uMzinyathi, mji wa nyati. Mwambie mtoto wako hivyo, ataona kwamba hajaenda ugenini sana.

Rorke alifariki mwaka 1875. Mwaka 1878 wamisionari wa Sweden wakapanunua, akakaa pale Otto Witt. Nyumba ikawa makazi yake, ghala likawa kanisa. Januari 1879 Waingereza wakauvamia ufalme wa Mfalme Cetshwayo, wakayachukua majengo hayo. Nyumba ikawa hospitali ya jeshi, kanisa likarudi kuwa ghala.

Tarehe 22 Januari Wazulu waliliponda jeshi la Waingereza pale Isandlwana, ng'ambo ya mto. Upande wa Waingereza walikufa zaidi ya watu 1,300. Jioni hiyo kikosi kingine cha Wazulu kati ya 3,000 na 4,000, chini ya Dabulamanzi, mdogo wake mfalme, kikavuka mto kuja misheni. Witt akaondoka kuwafuata mkewe na watoto. Walibaki watu kama 150, na zaidi ya 30 kati yao walikuwa wagonjwa. Wakajenga ukuta wa haraka kwa magunia ya mahindi na makasha ya biskuti.

Sasa nisikilizeni kama nesi. Ile hospitali ilikuwa na paa la nyasi, na vyumba vingine vilikuwa na mlango wa nje tu, hakuna wa kupitia chumba cha jirani. Paa likashika moto, nje kuna mapigano, ndani kuna watu hawawezi kutembea. Utawatoaje?

Askari John Williams alitoboa kuta za ndani kwa sururu, huku Henry Hook, ambaye kazi yake pale ilikuwa kuwapikia wagonjwa, akizuia adui mlangoni kwa singe. Mgonjwa anavutwa kwenye tundu, chumba hadi chumba, kisha anatolewa dirishani. Sajenti Robert Maxfield alikuwa anaweweseka kwa homa, akakataa kutoka, akafia kitandani. Wakati huo daktari James Reynolds alikuwa anatibu majeruhi barazani kwa ghala, risasi zikipita.

Mapigano yaliisha alfajiri. Walinzi 17 walikufa au kuumia vibaya hadi kufa. Nishani ya Victoria Cross ilitolewa kwa watu 11, Hook, Williams na Reynolds wakiwemo.

Lakini ukimsimulia mtoto, usiishie hapo. Maiti za Wazulu zilizohesabiwa zilizidi 350. Wengi wao walikuwa watu wazima wenye wake na watoto, na nchi yao ndiyo iliyovamiwa. Majeruhi wao walioachwa uwanjani waliuawa baada ya vita. Hakuna aliyewatobolea ukuta. Mimi hapo ndipo ninapoguswa zaidi, maana kidonda hakiulizi kabila.

Na walioshinda nao hawakupona moja kwa moja. Walikaa wamebanana nyuma ya ukuta ule, mvua, matope, uchafu, hawana mahema. Homa na kuhara vikaingia, wengine wakafa kwa hayo baada ya kunusurika vitani. Maji safi na choo havipewi nishani, ila vinaokoa watu.

Ukifika leo, makumbusho yapo pale ilipokuwa hospitali. Jengo si lile la zamani, lile liliungua. Kanisa liko palipokuwa ghala. Chini kuna mistari ya mawe kuonyesha ulipopita ukuta. Wapitishe watoto wadogo kwenye mawe hayo kwanza, waone eneo lilivyokuwa dogo. Picha za vita waachie wakubwa. Usiondoke bila kufika kwenye kumbukumbu ya Wazulu, na kituo cha sanaa kilichoanzishwa na Wasweden miaka ya 1960, maarufu kwa vitambaa vya kufumwa.

Sasa la nyumbani. Nyumba zetu nyingi zina mlango mmoja, madirisha yana nondo, usiku tunapiga kufuli. Leo kabla hujalala jiulize: moto ukitokea sebuleni, watoto wanatokea wapi? Funguo ziko wapi? Nani anambeba bibi? Waonyeshe watoto njia, wafanye kama mchezo. Usisubiri kutafuta sururu wakati paa linawaka.

Sehemu ya 6 tutavuka mto kwenda Isandlwana. Swali lako andika hapo chini, nikitoka zamu nitajibu.

Nesi wenu.