Jina "Wandorobo" na Ardhi ya Waogiek wa Mau

Makala haya yanakusudia kuchunguza neno moja lililoingia katika Kiswahili kutoka Kimaasai, na kuonyesha jinsi lilivyosaidia kuwanyang'anya watu ardhi yao. Kwa Wamaasai, iltorrobo ni watu wasio na ng'ombe. Na machoni pa mfugaji, asiye na ng'ombe ni fukara. Kiswahili kikalitia neno hilo kiambishi cha ngeli ya watu, likawa Wandorobo, na kwa umbo hilo likaingia katika maandishi ya maofisa wa Kiingereza. Wenyewe, wakaao katika msitu wa Mau juu ya Njoro na Elburgon, hujiita Waogiek.

Msomaji atakumbuka kwamba ndorobo ni jina pia la mbung'o, yule nzi aenezaye malale. Kinachomtenga mtu na mdudu hapo ni kiambishi tu, na wako wengi ambao katika mazungumzo hata kiambishi chenyewe hukiacha.

Lakini kuna jambo zito kuliko dharau. Jina hili halitaji kabila, lataja upungufu. Ndiyo maana liliweza kubandikwa jamii zisizokuwa na lugha moja: Waogiek, ambao lugha yao ni ya Kiniloti cha Kusini, jamaa ya Kinandi na Kikipsigis, Wayaaku wa Mukogodo, ambao lugha yao ya asili ni ya Kikushi, na hata Waakie wa Tanzania. Mwanaisimu akiyaona makundi hayo chini ya jina moja hushangaa. Mtawala hakushangaa, kwani jina lilimfaa. Tume ya Ardhi iliyoteuliwa mwaka 1932 chini ya Morris Carter, ambayo ripoti yake ilichapishwa mwaka 1934, ilipendekeza Wandorobo waingizwe katika maeneo ya makabila waliyokaribiana nayo, wamezwe humo. Asiye kabila hahitaji eneo lake. Hivyo ndivyo hoja ilivyokwenda.

Laiti tume ingaliisikiliza lugha ya Waogiek, ingalikutana na neno konoito. Konoito ni kipande cha ardhi kinachomilikiwa na ukoo, nacho hakikukatwa ovyo. Huanza nyanda za chini na kupanda mlima hadi misitu ya juu, kikipita katika kanda kadhaa za mimea. Miti ya kila kanda huchanua kwa wakati wake, na nyuki hufuata maua. Kwa hiyo mwenye mizinga katika kanda zote hurina asali huku, kisha akapanda kuirina kule, kadiri majira yanavyogeuka. Mpaka wa namna hiyo hauwezi kuonekana na mtu anayetafuta ua au shamba lililolimwa. Ila umiliki ulikuwapo, na una jina. Kwa maoni yetu, neno hilo moja lina uzito wa ushahidi kuliko kurasa nyingi za ripoti zilizoandikwa juu ya watu hawa.

Kumezwa huko kumeendelea kwa njia nyingine. Wengi wa Waogiek leo husema Kikipsigis, Kinandi au Kimaasai. Sensa ya mwaka 2009 iliwahesabu Waogiek 78,691. Ile ya mwaka 2019 iliwahesabu 52,596. Watu hawakufa kwa kiasi hicho. Ni vigumu kutodhani kwamba wako waliojiandikisha kwa jina la jirani.

Mnamo Oktoba 2009 Waogiek walipewa notisi ya siku 30 wahame Mau. Kesi yao ilifikishwa mbele ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, mwaka 2012. Miongoni mwa hoja za serikali ilikuwamo hii: kwamba Waogiek si jamii ya pekee, bali ni mchanganyiko wa makabila. Ni hoja ya mwaka 1934 iliyorudi ikiwa imevaa joho la wakili. Mahakama iliikataa tarehe 26 Mei 2017, ikawatambua kuwa jamii asilia yenye haki juu ya ardhi yake. Tarehe 23 Juni 2022 iliamuru walipwe fidia ya shilingi 157,850,000 na wapewe hati ya ardhi ya pamoja. Mwezi wa Novemba 2023, huko Sasimwani katika Narok, nyumba za Waogiek zilibomolewa tena.