Kizingiti kisiwe mtego: Jinsi ya kuchagua mteremko wa kuunganisha sakafu nyumbani

Na MWANDISHI WETU

WAHENGA walisema kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele. Msemo huo humfaa kijana. Kwa ajuza wa miaka 75 anayekwenda msalani usiku wa manane, kujikwaa kwenye kizingiti cha bafu huweza kuwa ndiko kuanguka kwenyewe. Mfupa wa nyonga ukivunjika katika umri huo, wengi hawarejelei tena mwendo wao wa awali.

Ajabu ni kwamba kinachomwangusha mara nyingi hakizidi upana wa vidole viwili. Watu wa nyumbani wamekizoea hata hawakioni tena, hadi siku nyanya anapohamia kwa mwanawe, au jamaa anaporejea kutoka hospitalini akiwa kwenye kiti cha magurudumu.

Sakafu za nyumba moja hutofautiana kimo kwa sababu kadhaa. Bafu huwekewa ukingo wa saruji ili maji yasifurike chumbani. Mlango wa nje huinuliwa kuzuia maji ya mvua, vumbi na wadudu. Katika nyumba za kale za Lamu na Mji wa Kale wa Mombasa, milango ya nakshi huwa na kizingiti cha mbao kilichoinuka, na mwenyeji huinua mguu bila kufikiri. Siku hizi sababu nyingine imezuka: mwenye nyumba anatandika vigae sebuleni na kuacha ushoroba na saruji yake ya zamani. Kigae chenye unene wa milimita 8 hadi 10, pamoja na gundi yake, huacha ukingo wa milimita 12 au zaidi.

Dawa ya ukingo kama huo ni mteremko wa kizingiti, yaani kipande mfano wa kabari, chembamba upande mmoja na kinene upande wa pili, ambacho huunganisha sakafu ya chini na ya juu. Ni kifaa sahili, lakini kikichaguliwa vibaya huwa hatari kuliko ukingo wenyewe.

Kupima kwanza

Kabla ya kwenda dukani au kumwita fundi, pima. Laza ubao ulionyooka au pimamaji juu ya sakafu ya juu, uache ncha yake itokeze upande wa chini, kisha upime kwa rula umbali kutoka ubao hadi sakafu ya chini. Pima pande zote mbili za mlango na katikati, kwani ni nadra sakafu kuwa sawa kote. Tumia kipimo kikubwa zaidi.

Iwapo kizingiti kimeinuka kuliko sakafu zote mbili, utahitaji miteremko miwili, mmoja kila upande. Pima vilevile upana wa mlango kati ya miimo. Mteremko uenee upana huo wote, maana ukiacha pengo pembeni, gurudumu au ncha ya mkongojo itazama humo.

Urefu wa mteremko

Kanuni inayotumika katika nchi nyingi ni uwiano wa 1 kwa 12: kila sentimita moja ya kimo inahitaji sentimita 12 za urefu. Ukingo wa sentimita 2 utahitaji mteremko wa sentimita 24. Wa sentimita 5 utahitaji sentimita 60. Na ngazi ya sentimita 15 itahitaji mita 1.8.

Pale nafasi inapokosekana katika jengo la zamani, kanuni za Marekani za mwaka 2010 huruhusu mwinuko mkali zaidi wa 1 kwa 8, mradi kimo kisizidi milimita 75. Kwa ukingo usiozidi milimita 13, kanuni hizo hutosheka na ukingo kuchongwa mshazari.

Hata hivyo, tazama ni nani atakayeutumia. Anayesukumwa na mtu mwenye nguvu ataweza kupanda mteremko mkali. Anayejisukuma mwenyewe kwa mikono huhitaji mteremko mrefu na wa taratibu. Anayetembea kwa magongo naye huhitaji mahali pa kukanyaga kwa uthabiti, kwani kabari fupi yenye mwinuko mkali humpinda kifundo cha mguu.

Kumbuka pia nafasi ya kugeuka. Kiti cha magurudumu huhitaji takriban mita 1.5 ili kigeuke kikamilifu. Mteremko wa sentimita 60 katika ushoroba wenye upana wa mita 1.2 utamfikisha mtu mlangoni lakini utamzuia kugeuka. Hapo ni heri kushusha kizingiti chenyewe kwanza.

Mpira, mbao, alumini au saruji?

Mpira hufaa kwa kimo kidogo. Hauozi, hautelezi upesi na hukatwa kwa kisu ukalingana na mlango. Kwa mpangaji ndio chaguo bora, kwa kuwa huweza kulazwa na kuondolewa bila kuharibu sakafu.

Mbao ni nafuu na seremala yeyote aweza kuichonga. Hata hivyo, haifai palipo na maji, na makali yake membamba huvunjika upesi. Ipakwe rangi iliyochanganywa na mchanga laini ili isiteleze.

Alumini ni nyepesi na imara, na hufaa kwa mlango wa nje. Chagua yenye mifuo juu yake, kwa kuwa bapa tupu huteleza inapolowa.

Saruji hudumu kuliko vyote, lakini ikishamwagwa haibadiliki. Isilainishwe kwa mwiko hadi ing'ae. Ipigwe ufagio ingali mbichi ili iwe na mikwaruzo.

Kwa bafu, jihadhari zaidi. Ukiondoa ukingo uliozuia maji bila kurekebisha mwinamo wa sakafu kuelekea kwenye tundu la kutolea maji, chumba cha kulala kitafurika. Ni salama kuacha ukingo na kuweka mteremko pande zote mbili.

Uzito nao uhesabiwe. Jumlisha uzito wa mtumiaji, kiti chake na anayemsukuma. Kiti cha umeme pekee huweza kuzidi kilo 100.

Kuweka na kukagua

Fungua mlango kabla ya kugandisha chochote. Ukiwa unafungukia upande wa mteremko, utakwama, na itabidi upigwe randa chini au ugeuzwe bawaba. Makali ya mbele yakae sawasawa na sakafu, kwa sababu magurudumu madogo ya mbele yakigonga ukingo husimama ghafla na kumrusha aliyeketi.

Mteremko ushikwe kwa gundi au skrubu. Usitandike mkeka wala zulia juu yake. Upakwe rangi tofauti na ya sakafu ili mwenye macho hafifu auone, na taa iwe karibu. Kisha mtumiaji mwenyewe aujaribu, huku mtu amesimama nyuma yake, kwenda na kurudi.

Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote kwa njia ifaayo. Lakini hakuna mkaguzi atakayebisha hodi kupima kizingiti cha bafu lako. Kazi hiyo ni ya wenye nyumba, na huanza kwa rula na ubao ulionyooka.