Mwezi wa Tano Uliohama

Neno lenyewe ni satsukibare. Satsuki ni jina la kale la mwezi wa tano. Sehemu iliyobaki ni anga kutakata. Kwa daftari niliandika "siku ya jua ya mwezi wa Mei" nikaendelea na mambo mengine. Mwalimu alipoona akacheka. Hilo, akaniambia, ni neno la mvua.

Kumbe zamani Wajapani walihesabu miezi kwa kuutazama mwezi wa angani, na kila baada ya miaka michache wakaongeza mwezi wa 13 ili misimu isipotee. Mwezi wao wa tano uliangukia karibu na Juni, wakati wa tsuyu: mvua ya wiki kadhaa, nguo hazikauki, viatu vinaota ukungu. Halafu siku moja katikati ya hiyo taabu jua linatoka. Hiyo ndiyo ilikuwa satsukibare.

Mwishoni mwa 1872 serikali ya Meiji ikatangaza kalenda ya Kizungu, na wananchi wakapewa wiki chache tu kujipanga. Tarehe 2 ya mwezi wa 12 ikafuatwa na 1 Januari 1873. Walitaka kwenda sambamba na Ulaya, sawa, lakini pia hazina ilikuwa imekauka. Mishahara ililipwa kwa mwezi, na mwaka uliokuwa unakuja ungekuwa na miezi 13. Okuma Shigenobu, aliyekuwa kwenye uongozi huo, alikuja kukiri hivyo baadaye. Na ule mwezi wa 12 wa siku mbili? Haukulipwa. (Serikali ni serikali.)

Majina yakahamia kalenda mpya, mvua ikabaki palepale. Walioumia zaidi, kwangu mimi, ni wapenzi wa Tanabata, nyota mbili zinazokutana mara moja tu kwa mwaka, siku ya saba ya mwezi wa saba. Kwa hesabu ya kale hiyo siku kwa kawaida ilikuwa Agosti, tsuyu imeisha. Sasa ni 7 Julai, na sehemu nyingi mawingu yamefunga. Sendai wao bado husherehekea Agosti.

Siku hizi watu wengi husema satsukibare wakimaanisha jua la Mei, na kamusi zinakubali maana zote mbili. Kwa hivyo sikufuta nilichoandika. Niliongeza tu chini yake: siku ambayo nguo zinakauka.