Betri au alteneta? Volti za gari zinavyoeleza ubovu ulipo

Na Mwandishi Wetu, Shinyanga

GARI linapogoma kuwaka alfajiri, kinacholaumiwa kwanza ni betri. Si ajabu kumkuta mmiliki wa gari mjini Shinyanga, Kahama au Geita akinunua betri mpya, akakaa nayo wiki mbili, kisha gari likagoma tena. Betri ya kwanza ilikuwa nzima. Kilichokufa ni alteneta, au waya wa ethi ulioshika kutu.

Katika ukanda huu wa dhahabu kosa hilo hugharimu zaidi ya bei ya betri. Gari lililotoka Katoro au Nyarugusu usiku likizimika njiani, huwaacha abiria, na pengine mgonjwa, mbali na fundi yeyote.

Chombo cha kutofautisha ubovu huo ni mita ndogo ya umeme, ile ile wanayoitumia mafundi redio. Huwekwa kwenye volti za DC, kipimo cha 20, waya mwekundu ukigusa kichwa chanya cha betri na mweusi kichwa hasi. Betri hupimwa mara tatu: injini ikiwa imezimwa, stata inapopigwa, na injini inapounguruma.

Betri ya gari dogo ina seli sita, na kila seli iliyojaa hutoa takriban volti 2.1. Ndiyo maana betri inayoitwa ya volti 12 husoma 12.6 au 12.7 ikiwa imejaa. Ikisoma 12.4 imebakiwa na kama robo tatu ya umeme wake, 12.2 ni nusu, 12.0 ni robo, na chini ya 11.9 ni sawa na tupu. Kati ya betri iliyojaa na iliyokwisha hakuna hata volti moja kamili, na hapo ndipo wengi wanapodanganyika. Mtu huona 12.1 akaridhika kwa kuwa imezidi 12, kumbe betri yake haijafika hata nusu.

Kipimo hicho hakifai kuchukuliwa mara tu gari linapozimwa, kwa sababu betri iliyotoka kuchajiwa huonyesha volti za juu juu zisizo na nguvu nyuma yake. Ni vema gari lilale kwanza. Asiyeweza kusubiri awashe taa kubwa kwa dakika mbili, azizime, kisha apime baada ya dakika chache. Betri iliyochajiwa usiku kucha lakini ikabaki karibu na volti 10.5, kwa kawaida ina seli moja iliyokufa, na hiyo haiponi hata ichajiwe mara ngapi.

Kipimo cha pili huhitaji watu wawili, mmoja akipiga stata na mwingine akiangalia mita. Volti lazima zishuke, lakini kwa betri iliyojaa zisipungue 9.6. Iliyokuwa na 12.6 kisha ikaporomoka hadi 8 ama imechoka, ama stata yenyewe inakula umeme kupita kiasi. Zikibaki juu ya 12 na stata isizunguke, betri haina kosa. Ubovu utafutwe kwenye nyaya, vichwa vya betri au stata.

Injini ikishawaka, kazi ya kulisha gari huhamia kwa alteneta. Mita inapaswa kusoma kati ya volti 13.8 na 14.5. Ikibaki 12.4 na kuendelea kushuka, alteneta haichaji, na betri mpya itakwisha kama ya zamani. Ikipanda kupita 15, kidhibiti cha alteneta kimeharibika. Betri huchemka, hukauka maji na kutoa harufu ya mayai yaliyooza. Taa nyekundu yenye picha ya betri inayowaka gari likiwa katika mwendo nayo hueleza kwamba chaji imekatika, si kwamba betri imekufa. Dereva azime redio na kipoza hewa, kisha aangalie mkanda wa alteneta. Katika magari mengi mkanda huo huo huzungusha pampu ya maji, hivyo ukikatika injini itachemka kabla betri haijaisha.

Hata hivyo, baadhi ya magari ya miaka ya karibuni yana kompyuta inayopunguza chaji kwa makusudi ili kuokoa mafuta. Kusoma 13 katika gari la namna hiyo si ugonjwa. Taa kubwa na feni vikiwashwa, volti hupanda zenyewe.

Kabla ya kufungua alteneta, fundi makini hupima njia ya umeme. Injini ikiunguruma na taa zikiwa zimewaka, waya mmoja wa mita huwekwa kwenye nati kubwa ya alteneta na wa pili kwenye kichwa chanya cha betri. Tofauti ikizidi volti 0.3, umeme unapotea njiani. Kipimo kama hicho hufanywa kati ya kichwa hasi na chuma cha injini. Mara nyingi dawa yake ni msasa na spana tu.

Kuna mtindo wa gereji za mitaani wa kuchomoa kichwa cha betri injini ikiunguruma ili kuona kama gari litazima. Ulivumilika enzi za magari yasiyo na kompyuta. Leo volti zinazoruka ghafla kwa kitendo hicho zinaweza kuunguza kompyuta ya gari, ambayo ni ghali kuliko betri na alteneta.

Mazingira ya Kanda ya Ziwa nayo hayana huruma. Joto huharakisha kutu ndani ya betri na kukausha maji yake, mitikisiko ya barabara za machimboni hupukutisha risasi kwenye sahani zake, na vumbi likichanganyika na unyevu juu ya kifuniko hupitisha umeme kidogo kidogo kati ya vichwa viwili. Betri ifutwe. Maji yakipungua yaongezwe yale yaliyosafishwa, si asidi wala ya bomba. Sigara isikaribie, kwani betri inayochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni ambayo hulipuka.

Kwa malori yanayopita Isaka na Kahama kwenda Rwanda na Burundi, hesabu huzidishwa mara mbili. Mengi hutumia betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kuwa 24, zikijaa husoma takriban 25.3, na chaji nzuri ni kati ya 27.6 na 29. Madereva wengine huchota umeme wa redio au wa kuchajia simu kwenye betri moja tu kati ya hizo mbili. Hiyo huisha polepole huku mwenzake akizidishiwa chaji, ilhali jumla ya volti inaweza kuonekana ya kawaida kwenye mita. Kwa hiyo kila betri ipimwe peke yake, na zinaponunuliwa mpya zinunuliwe mbili, za ukubwa mmoja.