Upambanuzi: Maana ya Neno na Kisa cha Gari Lisilovuta

Katika gereji za Nyeri, Karatina na Nanyuki liko neno moja lisilokosekana ukutani, limeandikwa kwa rangi juu ya mabati, mara likiwa limepungukiwa na herufi na mara likiwa limezidishiwa, nalo ni dayagnosisi; na mwenye gari akiuliza maana yake huambiwa kuwa ni kuliunganisha gari na mashine ndogo mfano wa simu, mashine isome, kisha itaje ugonjwa. Maelezo hayo yana sehemu yake ya ukweli, lakini yamewagharimu watu fedha nyingi, kwa sababu kusoma ni jambo moja na kujua ni jambo jingine, na neno lenyewe, kwa asili yake ya Kiyunani, halihusu kusoma hata kidogo. Sehemu yake ya kwanza ni kupita baina ya kitu na kitu, na ya pili ni ujuzi. Maana yake basi ni kujua kwa kutenga, yaani kuvitazama vitu viwili vilivyofanana hata visifanane tena.

Kwa Kiswahili tuliwahi kuwa na neno la kale, uaguzi, litokalo katika kuagua. Na la kustaajabisha ni kwamba wenyeji wa chini ya Mlima Kenya wanalo ndugu yake katika Kikuyu, kuragura, ambalo ni kazi ya mganga aliyemwaga mbegu kutoka katika kibuyu chake akazihesabu ili ajue mgonjwa amepatwa na nini. Maneno haya ni ya chemchemi moja ya Kibantu, na pwani kama milimani yamebeba mambo matatu kwa pamoja: kutabiri, kujua ugonjwa na kuuganga. Hapo ndipo ninapoliachia neno hili liende zake, si kwa kulidharau, bali kwa kuwa fundi wa magari hahitaji kutiwa moyo wa kupiga ramli, anao tayari. Waarabu husema tashkhisi, lililo jamaa na neno letu shakhsia, kana kwamba ugonjwa hupewa sura na jina hata ukajulikana kama mtu. Ni neno zuri, ila kwa maana hii ya kujua ugonjwa halikuvuka bahari kuja kwetu. Yamebaki uchunguzi, utambuzi na upambanuzi, nayo hutumiwa kiholela, moja mahali pa jingine, pasipo sababu.

Kisa kilichonifanya niyapime maneno haya ni cha jirani yangu, mama mchuuzi wa kabeji, ambaye ana Probox, gari ambalo katika nchi yetu hii hubeba kila kitu isipokuwa meli. Giaboksi yake ya otomatiki ilikufa, akanunua nyingine iliyotumika Japani, ya namna zile zinazopangwa mbele ya maduka ya Grogan kule Nairobi kama vyungu sokoni, akaifungisha katika gereji moja ambayo haina haja ya kutajwa. Gari likatoka likitembea vizuri mjini, gia zikiingia bila kishindo. Lakini siku ya kwanza lilipopakiwa mzigo na kuelekezwa njia ya Othaya, ambayo ni kupanda na kushuka na kupanda tena, likalegea mlimani hata bodaboda zikalipita. Mama akanena neno wanenalo madereva wote: “Gari haivuti.”

Sasa, haivuti ni neno la haki kabisa kwa dereva, maana ndilo analolihisi mgongoni mwake, lakini kwa fundi ni mlango wenye vyumba vingi nyuma yake. Huenda injini haizalishi nguvu. Huenda nguvu inazalishwa, ila inapotea njiani kabla ya kufika magurudumuni. Huenda inafika, nayo magurudumu yamezuiwa, kwa breki iliyoshika, jambo ambalo kiganja cha mkono kikikaribishwa kwenye rimu kitaligundua kwa joto lake. Na huenda hakuna kilichopotea wala kuzuiwa, ila giaboksi iliyofungwa, ingawa kwa nje ni sawasawa na ya zamani, ina meno ya uwiano mwingine, iliyotengenezewa gari jepesi au injini nyingine, hata ikaidai injini kazi isiyoiweza. Mambo manne, neno moja; na anayenunua vipuri kabla ya kuyatenga anabahatisha, hata akivaa ovaroli safi.

Kipambanuzi cha kwanza kiko mbele ya macho ya kila dereva na ni wachache wanaokitazama: ule mshale wa mizunguko ya injini. Ukikanyaga mafuta mlimani, mshale ukaruka juu na gari likabaki palepale kwa mwendo wake, basi nguvu ipo na inateleza ndani ya giaboksi. Ukikanyaga na mshale ukasita kupanda, injini ikiguna kwa sauti nzito, basi aghalabu nguvu haikuzaliwa. Nimesema aghalabu kwa makusudi. Baina ya injini na giaboksi ya otomatiki kiko chombo cha duara kilichojaa mafuta, alichokibuni Mjerumani Hermann Föttinger na kukipatia hataza mwaka 1905, naye alikibuni kwa ajili ya meli, si magari. Ndani yake mna gurudumu dogo la katikati linaloyarudisha mafuta kwa mwelekeo wa manufaa, na kwa hilo huzidisha nguvu ya kuzungusha takribani mara mbili gari linapoondoka. Kifungo cha gurudumu hilo kikiharibika, injini nzima isiyo na kasoro itaguna vilevile kama mgonjwa, na mshale hautapanda, nawe utaisingizia. Dalili ya kutenga ni kwamba gari la namna hiyo huondoka kwa taabu lakini likishapata mwendo hukimbia kama kawaida. La mama kabeji lilishindwa hata likiwa tayari na mwendo.

Uko pia udhuru wa mlima wenyewe, ambao wageni huudharau na wenyeji huutumia kupita kiasi. Nyeri iko yapata mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, na Nanyuki iko juu zaidi. Hewa ya hapa kwetu, kwa uzito, ni kama nne ya tano ya ile ya Mombasa, na injini isiyo na tabo, inayovuta hewa kwa pumzi zake yenyewe, hupungukiwa na nguvu kwa kadiri iyo hiyo. Mtu aliyetoka Kilindini na gari lake hulalamika akifika Karatina, nalo halina ugonjwa. Lakini gari la mama lilizaliwa upya, tuseme, papa hapa Nyeri, na njia ya Othaya lilikuwa likiipanda miaka yote. Mwinuko haukuongezeka kwa kuwa giaboksi imebadilishwa.

Gereji ya pili ikaleta ile mashine. Ikatoa namba P0171, ambayo, katika taratibu zilizolazimishwa kwa magari ya Marekani tangu yale ya mwaka 1996 na kuenea duniani, husema kwamba mchanganyiko wa injini una hewa nyingi na petroli kidogo. Fundi akasoma petroli kidogo, akauza pampu ya petroli. Pampu ikafungwa, gari likaenda Othaya, likalegea palepale. Huu ndio utambuzi usio na upambanuzi: kuijua sura ya dalili kwa kuwa umewahi kuiona, usiulize kama ni petroli iliyopungua au ni hewa iliyozidi, ingawa namba ni ile ile.

Aliyelitatua ni kijana mmoja makanika ambaye hana ukuta wa kuandika dayagnosisi, anafanya kazi chini ya mti. Nilikuwapo, nikiwa nimempeleka mama kama mzee wa mtaa. Kwanza hakuuliza gari lina nini, aliuliza, “Mwalimu, hii shida ilianza lini?” Nikamwambia, tangu giaboksi ifungwe. “Na wakitoa giaboksi, waligusa nini ingine?” Swali hilo, kwa maoni yangu, lilikuwa na thamani kuliko mashine zote za mji, maana giaboksi haitoki peke yake: hutolewa betri, kisanduku cha chujio la hewa, mpira wa kupitishia hewa, nyaya za ardhi na soketi kadhaa, na kila kimoja kinaweza kurudishwa vibaya, kukazwa nusu, au kusahauliwa.

Akautazama mpira wa hewa, ule mnene wenye mikunjo kama shingo ya kobe, uliopo baina ya kipima-hewa na injini. Juu yake ulikuwa mzima. Injini iliponguruma bila mzigo, hapakuwa na sauti yoyote ya hewa. Ndipo akanituma niketi kwenye usukani, nikanyage breki kwa nguvu zangu zote, nitie gia ya kwenda mbele na kugusa mafuta kwa sekunde tatu tu, si zaidi, kwa kuwa mafuta ya giaboksi hupata moto upesi. Akawafukuza watoto waliosimama mbele ya gari, yeye akainama ubavuni na tochi. Injini, ikizuiwa kwenda, ikajipinda katika raba zake kama ng'ombe anayevuta kamba. “Achilia!” akasema. “Rudia.” Nikarudia. Akacheka.

Chini ya mkunjo wa tatu, upande usioonekana, palikuwa na ufa wa urefu wa kidole, unaofumba injini inapotulia na kufumbua injini inapojipinda, yaani mlimani, na mzigo juu. Hewa isiyopimwa iliingia hapo. Kompyuta ya gari, ikiamini ilichoambiwa na kipima-hewa, ikatoa petroli ya hewa ile ndogo iliyopita mbele yake. Mpira uliraruka, bila shaka, ulipovutwa ili giaboksi ipite. Injini haikuwa na kosa, giaboksi haikuwa na kosa, na pampu ya zamani, iliyotupwa, haikuwa na kosa.

Kwa hiyo ningependa uchunguzi tuuache kwa kutazama na kugusa, ambako kunaweza kumalizika bila kupata kitu. Utambuzi kwa kulitaja jina la kinachojulikana, kazi ambayo mashine inaiweza. Na upambanuzi, neno lililo karibu na maana ya Al-Furqan, jina la sura ya 25 ya Kurani, tuuweke kwa lile tendo la kutenga hata ibaki sababu moja tu. Najua gereji zitaendelea kuandika dayagnosisi, na sina ugomvi nazo.

Mama alipolipa, kijana akaandika risiti kwa kalamu juu ya goti: mpira mmoja, klipu mbili, kazi. Nikamwuliza ile asubuhi nzima ya kuuliza na kuinama iko katika mstari gani. Akaitazama karatasi, akanirudishia.

“Hiyo, mwalimu, iko tu hapo kwa kazi.”