Chupa ya daktari iliyohamisha mashamba ya dunia

Leo tuongelee terariamu, yale makopo ya kioo ambayo watu wanaoteshea mimea na wengine kufugia konokono au mijusi. Unaweza ukadhani ni pambo la sebuleni tu. Kumbe lina historia nzito.

Mwaka 1829, daktari mmoja wa London, Nathaniel Ward, alimfukia pupa wa nondo kwenye udongo wenye unyevu ndani ya chupa, akaifunga ili aone nondo akitoka. Badala yake yakaota majani: nyasi na kangaga. Jamaa akashangaa, maana kangaga za bustanini kwake zilikuwa zinakufa kwa moshi wa makaa ya mawe. Siri ilikuwa nini? Maji yalipanda kama mvuke, yakawa matone kwenye kioo, yakarudi kwenye udongo. Mimea ile ikaishi karibu miaka 4.

Mwaka 1833 Ward akasafirisha masanduku mawili ya kioo kwa meli mpaka Sydney. Mimea ikafika hai! Kabla ya hapo mingi ilikuwa inafia njiani kwa chumvi ya bahari na uhaba wa maji ya kunywa melini.

Hapo ndo mambo yakageuka. Kati ya 1848 na 1851, Robert Fortune alitoa miche ya chai China kwa siri, akaipeleka India kwa niaba ya kampuni ya Waingereza. China ikapoteza biashara iliyokuwa mikononi mwake. Mwaka 1876 mbegu za mpira zilichukuliwa Brazil, zikaoteshwa London, miche ikapandishwa melini kwenye masanduku ya Ward hadi Sri Lanka. Miaka 40 baadaye Asia ilikuwa imeipiku Brazil kabisa.

Na sisi tumo. Mwaka 1892 Mjerumani Walter von Saint Paul alituma kwao mbegu za ua dogo la Usambara. Leo linauzwa Ulaya na Marekani, tena linapendwa sana kwenye terariamu, huku misitu lilikotoka ikizidi kupungua.

Walimu wenzangu watarajiwa, tukifika darasani tutasema "mazao haya yaliletwa na wakoloni". Mwanafunzi akiuliza yalitolewa kwa nani, na aliyenyang'anywa alilipwa nini, tumjibu. Kioo hakina kosa, ila aliyekibeba alijua anachokifanya.

Nawasilisha.